Marekebisho au Mabadiliko? Historia ya Neno "Amendment" katika Kiswahili cha Katiba, Ikitazamwa Kutoka Mghange

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza historia ya neno moja la Kiingereza, "amendment", pamoja na maneno ya Kiswahili yaliyotwikwa mzigo wake katika lugha ya katiba nchini Kenya na, kwa ulinganishi, nchini Tanzania. Yamkini msomaji atauliza ni kwa nini suala hili lijadiliwe katika jarida la uhakiki wa fasihi ilhali wanasheria wana majarida yao. Jibu letu ni kwamba katiba nayo ni matini. Ina watunzi, wahariri, wafasiri na wasomaji, na kila inapoguswa huguswa kwa maneno. Mhakiki aliyezoea kuuliza kwa nini mtunzi alichagua neno hili akaacha lile hana sababu ya kulitua swali hilo mlangoni pindi anapoingia katika matini ya sheria.

Tumeamua kuitazama historia hii tukiwa tumesimama Mghange, katika milima ya Taita, eneo bunge la Wundanyi, Kaunti ya Taita Taveta. Wenyeji hutofautisha Mghange Dawida na Mghange Nyika. Katika hati nyingi za serikali jina hili huandikwa Mgange, na hata wadi ya uchaguzi inaitwa Mwanda/Mgange. Tofauti ni ya herufi moja tu, lakini herufi hiyo inabeba sauti ambayo msemaji wa Kidawida haichanganyi na g ya kawaida. Sasa tuseme karani ameamua kuirudisha h katika daftari lake. Je, kitendo chake tukiiteje? Kwa Mdawida, ni kurejesha kilichokuwapo. Kwa mwanaisimu, ni kusahihisha. Kwa ofisi iliyozoea tahajia ya zamani, ni kubadilisha. Kitendo ni kimoja, nacho kina majina matatu, na kila jina lina hukumu ndani yake juu ya hali iliyotangulia: kwamba ilikuwa na haki iliyopotea, au ilikuwa na kosa, au ilikuwa tu tofauti.

Hoja kuu ya makala haya inatokana na mfano huo mdogo. Tunadai kwamba neno "marekebisho", ambalo limezoeleka nchini Kenya kuwa kisawe cha "amendment", si chombo kitupu cha kufasiria. Ni neno lenye sifa ndani yake. Linamwambia msikilizaji, kabla hajasikia kifungu chenyewe, kwamba kitu kibovu kinatengenezwa. Katika nchi ambako raia wa Mghange ameitwa mara kadhaa kuidhinisha au kukataa maandishi asiyopewa kwa lugha anayoielewa vyema, jambo hili si la wanaisimu peke yao.

2.0 Asili ya neno na ndugu zake

Neno la Kiingereza lilitoka katika Kilatini kwa njia ya Kifaransa. Kitenzi cha Kilatini "emendare" kiliundwa kwa kiambishi chenye maana ya "kutoa nje" na nomino yenye maana ya "dosari". Kuvunjavunja neno hilo ni kupata fasili yake: kutoa dosari. Kwa wahakiki wa miswada ya kale, mzizi huohuo umezaa istilahi ya kusahihisha matini, yaani kazi ya mhariri anayeondoa makosa ya mnakili ili kuyafikia maneno ya mtunzi. Katika sheria, hata hivyo, neno lilipanuka. Bunge linapofanya "amendment" halilazimiki kuonyesha dosari yoyote. Linaweza kuondoa kilicho kizuri na kuweka kibaya, na bado kitendo kikaitwa kwa jina lilelile. Basi hata katika Kiingereza chenyewe neno limehifadhi harufu ya wema ambayo matendo yake hayalazimiki kuwa nayo.

Kiarabu, ambacho kimelilisha Kiswahili maneno mengi ya sheria, kilikwenda njia nyingine. Istilahi yake ya mabadiliko ya katiba ni "ta'dil", iliyotokana na mzizi uleule uliotupatia "adili" na "uadilifu". Dhana yake ni kunyoosha na kuleta usawa. Pwani ya Kenya ilipata pia neno jirani: mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha mjini Mombasa gazeti aliloliita Al-Islah, jina lenye maana ya kutengeneza mambo ya jamii yakae vyema. Hata hivyo, si ta'dil wala islahi lililoingia katika lugha ya Bunge la Kenya.

Kiswahili kina akiba kubwa ya vitenzi katika uwanja huu. "Kusahihisha" ni kufanya kilicho na kosa kiwe sahihi, na humdai msemaji aonyeshe kosa. "Kubadilisha" ni kuweka kitu mahali pa kingine, bila kusema kipi ni bora. "Kugeuza" ni kuelekeza upande mwingine, na nomino yake, "mageuzi", imepata uzito wa kisiasa, hasa tangu miaka ya 1990. "Kutengua" ni kuvunja kilichofungwa, iwe ni fundo, nadhiri au udhu. "Kufuta" ni kuondoa kabisa. "Kutia kiraka" ni kuziba bila kushona upya.

"Kurekebisha" kinakaa miongoni mwa hivi kwa namna ya pekee. Kinahusishwa na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupanda na, katika mnyambuliko wake mwingine, kupachika vipande vikakaa mahali pake. Fundi hurekebisha saa, mtambo au bawaba ya mlango. Sharti la kitendo hiki ni kwamba kitu chenyewe kinabaki kuwa kilekile: saa iliyorekebishwa ni saa ileile, ila sasa inakwenda sawasawa. Kwa hiyo kitenzi hiki kinatoa ahadi mbili kwa pamoja. Ahadi ya kwanza ni kwamba palikuwa na hitilafu. Ya pili ni kwamba baada ya kazi, kitu hakikugeuka kuwa kingine. Ahadi hizi mbili ndizo tutakazozifuata katika historia.

3.0 Bunge la Kenya, 1963 hadi 1991

Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 iliigawa Kenya katika majimbo, na Taita ikawa sehemu ya Jimbo la Pwani. Ilikuwa na Seneti, na baadhi ya vifungu vyake vililindwa kwa kizingiti cha asilimia 75 ya kura katika Baraza la Wawakilishi na asilimia 90 katika Seneti. Haukupita muda mrefu kabla ya ulinzi huo kuanza kubomolewa. Mwaka 1964 nchi ilifanywa jamhuri na mamlaka ya majimbo yakaanza kupunguzwa. Mwaka 1965 kizingiti kilishushwa hadi asilimia 65. Mwaka 1966 iliamuliwa kwamba mbunge anayekihama chama kilichomdhamini sharti arudi kwa wapiga kura, kanuni iliyoelekezwa kwa wale waliokuwa wamejiunga na KPU. Mwaka huohuo uamuzi wa kuivunja Seneti ulipitishwa.

Hatua hizi zote kisheria ziliitwa kwa neno moja. Jina la kila sheria lilikuwa na "amendment" ndani ya mabano, na Kiswahili cha magazeti na redio kikazoea kusema "marekebisho ya katiba". Tukizikumbuka ahadi mbili za kitenzi "kurekebisha", tunaona mara moja jinsi zilivyokosa kutimizwa. Kwa raia wa Mghange, serikali ya jimbo yenye makao Mombasa haikurekebishwa. Ilitoweka. Seneti nayo haikupachikwa mahali pake, bali iling'olewa. Kiswahili kilikuwa na "kufuta" na "kutengua" tayari, lakini hayo si maneno ambayo serikali huyapenda katika jina la mswada.

Swali la nchi inaelekea wapi liliulizwa nje ya Bunge. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika kijikaratasi cha kisiasa kilichoitwa Kenya: Twendapi?, akafungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972, na diwani yake Sauti ya Dhiki, iliyotokana na kifungo hicho, ikachapishwa mwaka 1973. Kwa mhakiki wa istilahi, jina la kijikaratasi hicho linatosha kutafakariwa. Linauliza kuhusu mwendo na mwelekeo. Ni lugha ya kugeuza wala si ya kurekebisha, kwa kuwa atengenezaye saa haulizwi anakwenda wapi.

Tukio muhimu zaidi kwa mada yetu lilitokea katika lugha ya Bunge lenyewe. Mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba Kiswahili kitumike bungeni, na katiba ikabadilishwa ili kuruhusu jambo hilo. Punde ilidhihirika kwamba sheria zenyewe zilikuwa kwa Kiingereza na hazikuwa na tafsiri. Mwaka 1975 katiba iliguswa tena. Kifungu cha 53, kama kilivyokuja kusomeka, kilisema kwamba kila mswada, kila sheria na kila rekebisho linalopendekezwa sharti liandikwe kwa Kiingereza, na kwamba katika mjadala maneno ya mswada yanukuliwe kwa Kiingereza kadiri inavyohitajika. Mwaka 1979 Kiingereza kikarudishwa pia kuwa lugha ya mjadala sambamba na Kiswahili.

Tuitafakari hali hiyo kifasihi. Mbunge angeweza kusimama na kuhutubu kwa Kiswahili fasaha, akatumia methali na mafumbo, lakini alipofika kwenye kifungu chenyewe alipaswa kuhamia Kiingereza. Kiswahili kilikuwa lugha ya kuzungumzia sheria, Kiingereza kikawa lugha ya sheria. Matokeo yake ni kwamba "marekebisho" halikupata kamwe kulazimishwa kuwa istilahi. Halikufasiliwa katika kifungu chochote, halikujaribiwa mahakamani, wala halikutakiwa kujitenga na jirani zake "mabadiliko" na "mageuzi". Lilikua kama neno la mazungumzo, likibeba hisia badala ya mipaka.

Hatua zilizofuata zinaonyesha gharama yake. Mwezi Juni 1982 kifungu cha 2A kiliingizwa, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu waliondolewa kinga ya kazi zao, na mwaka 1988 majaji wakafuatia. Kinga hizo zilirudishwa mwaka 1990, na kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991. Kuingiza na kuondoa, kunyang'anya na kurudisha, vyote viliitwa marekebisho. Msikilizaji wa redio aliyesikia mwaka 1982 kwamba katiba imerekebishwa, na mwaka 1991 akasikia tena kwamba imerekebishwa, alikuwa na haki ya kuuliza ni lini kati ya miaka hiyo miwili ambapo mtambo ulikuwa umeharibika.

4.0 Mfano wa Tanzania na Zanzibar

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inatupa kipimo kizuri cha ulinganishi, kwa sababu inasomwa kwa Kiswahili, na toleo lake la Kiingereza ni tafsiri. Ibara yake ya 98 inazungumzia kubadilisha katiba, na inafanya jambo ambalo Kiswahili cha Kenya hakikupewa nafasi ya kulifanya: inafasili. Kwa mujibu wa ibara hiyo, kubadilisha kunajumuisha kurekebisha, kusahihisha, kufuta na kuweka masharti mengine badala yake. Yaani "kubadilisha" ni jina la ukoo mzima, na "kurekebisha" ni mtoto mmojawapo.

Mpangilio huu umefuatwa katika majina ya sheria. Sheria za kuigusa katiba huitwa za "mabadiliko", nazo huhesabiwa kwa nambari: Mabadiliko ya Nane ya mwaka 1992 yaliyoruhusu vyama vingi, Mabadiliko ya Kumi na Tatu ya mwaka 2000, na kadhalika. Zanzibar nayo ilipitisha Mabadiliko ya Kumi ya Katiba yake mwaka 2010, baada ya kura ya maoni ya tarehe 31 Julai mwaka huo ambapo asilimia 66.4 waliafiki muundo wa serikali ya umoja wa kitaifa. Kwa upande mwingine, miswada inayogusa sheria za kawaida huitwa ya "Marekebisho ya Sheria Mbalimbali". Kwa hiyo Mtanzania anayesoma jina la mswada huambiwa, kwa neno lenyewe, kama mkono unagusa sheria ya kawaida au sheria mama.

Isidhaniwe kwamba "mabadiliko" halina kasoro. Upana wake ni nguvu na pia ni udhaifu. Mwaka 2011 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Mabadiliko ya Katiba, na mwaka 2012 Tume ya Mabadiliko ya Katiba ikaundwa chini ya Jaji Joseph Warioba. Kazi yake haikuwa kubadilisha ibara moja moja. Ilikuwa kuratibu maoni na kutayarisha rasimu ya katiba mpya. Bunge Maalumu lilipitisha Katiba Inayopendekezwa mwaka 2014, na kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa. Neno lililotumiwa kwa sheria za nambari lilitumiwa pia kwa uundaji wa katiba nyingine. Hata hivyo kuna tofauti ya msingi: "mabadiliko" halidai kwamba lijalo ni bora kuliko lililopo. Linamwachia raia kazi ya kuamua.

5.0 Kutoka marekebisho hadi katiba mpya, 1997 hadi 2010

Nchini Kenya, tofauti ambayo Kiswahili hakikuichora ilikuja kuchorwa na mahakama kwa Kiingereza. Kufuatia mapatano ya vyama bungeni ya mwaka 1997, mchakato wa kuipitia upya katiba yote ulianza, na tume iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai ikakusanya maoni nchini kote. Katika Kiswahili cha vyombo vya habari kazi hiyo nayo iliitwa kurekebisha katiba, ingawa shabaha yake ilikuwa hati mpya.

Tarehe 25 Machi 2004 Mahakama Kuu, katika kesi iliyoletwa na Mchungaji Timothy Njoya na wenzake, iliamua kwa wingi wa majaji kwamba kifungu cha 47 cha katiba ya wakati huo kiliipa Bunge uwezo wa kuibadilisha katiba iliyopo tu, wala si uwezo wa kuiondoa na kuweka nyingine. Uwezo huo wa pili ni wa wananchi wenyewe. Hukumu hiyo ilikuwa, miongoni mwa mambo mengine, zoezi la kusoma neno kwa makini. Kifungu cha 47 kilitumia neno "alteration" kuwa jina la ukoo, likijumuisha "amendment" pamoja na kufuta na kuweka kifungu kingine mahali pake, kwa namna inayokaribiana sana na ibara ya 98 ya Tanzania. Mahakama iliuliza: je, upana huo unafika hadi kuibomoa hati yote? Ikajibu kwamba haufiki.

Lau hoja hiyo ingefikishwa barazani Mghange kwa Kiswahili kilichozoeleka, ingesikika kama fumbo: Bunge linaweza kufanya marekebisho ya katiba lakini haliwezi kufanya marekebisho ya katiba. Msingi wote wa hukumu ungepotea katika neno moja lililobeba dhana mbili. Hapa ndipo tunapoona kwamba ukosefu wa istilahi si ukosefu wa mapambo. Raia anakoseshwa hoja ambayo imeamuliwa kwa jina lake.

Pengo hilo lilijazwa kwa picha. Katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005, waliounga mkono rasimu walipewa alama ya ndizi na waliopinga wakapewa chungwa. Chungwa lilishinda. Katika kura ya tarehe 4 Agosti 2010, rangi ya kijani ilikuwa ya ndiyo na nyekundu ya hapana. Kijani kikashinda, na katiba mpya ikazinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Hatusemi kwamba wapiga kura hawakujua walichokifanya. Alama ni msaada halali kwa mpiga kura asiyesoma. Tunachosema ni kwamba mjadala ulipohitaji maneno ya kutofautisha kurekebisha, kubadilisha na kuunda upya, tunda lilijibu kwa niaba ya neno.

6.0 Mswada wa mwaka 2020 na lugha ya raia

Katiba ya mwaka 2010 ilileta matumaini mapya kwa Kiswahili. Ibara ya 7 inakitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo ibara ya 259 inaeleza kwamba matoleo ya lugha mbalimbali yakipingana, toleo la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Kifungu cha 53 cha zamani kiliondoka, ila kivuli chake kikabaki. Kiswahili kimeketishwa sebuleni, lakini funguo za ghala bado ziko mikononi mwa Kiingereza.

Sura ya 16 ya katiba hiyo inahusu "amendment" na inaweka njia mbili: kupitia Bunge, na kupitia mpango wa wananchi unaohitaji sahihi zisizopungua milioni 1 za wapiga kura waliosajiliwa. Mambo 10 yaliyotajwa katika ibara ya 255, yakiwemo Sheria ya Haki, muhula wa rais na misingi ya ugatuzi, hayawezi kuguswa bila kura ya maoni.

Njia ya pili ilijaribiwa kwa mswada wa mwaka 2020 uliotokana na Mpango wa Maridhiano, ambao chimbuko lake lilikuwa mapatano ya Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga ya tarehe 9 Machi 2018. Tarehe 13 Mei 2021 majaji 5 wa Mahakama Kuu waliusimamisha. Walisema kwamba muundo wa msingi wa katiba hauwezi kuguswa kwa utaratibu wa kawaida wa marekebisho, bali kwa wananchi kutumia mamlaka yao ya asili: elimu ya uraia, ushirikishwaji wa umma, bunge maalumu la katiba na kura ya maoni. Tarehe 20 Agosti 2021 Mahakama ya Rufani iliafiki kwa kiasi kikubwa. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ilikataa nadharia ya muundo wa msingi isitumike Kenya, lakini ikakubali kwamba rais hawezi kuanzisha mpango wa wananchi.

Kwa mada yetu, kuna jambo moja katika hukumu ya Mahakama Kuu ambalo halikupata umaarufu liliostahili. Majaji walieleza kwamba nakala za mswada zilipasa kutolewa kwa Kiswahili pia, kwa kuwa ni lugha rasmi, pamoja na njia zinazowafaa watu wenye ulemavu kama vile Braille. Kwa maneno mengine, kumwomba mtu atie sahihi kuunga mkono maandishi ambayo hakupewa kwa lugha yake rasmi ni kasoro ya kikatiba. Tukirudi Mghange, ambako Kidawida ndiyo lugha ya nyumbani na Kiswahili ndicho daraja la kuwafikia wengine, hoja hiyo ina uzito maradufu. Msomaji wa huko anafika kwenye Kiingereza cha sheria baada ya kuvuka mito miwili.

7.0 Pingamizi moja na mafunzo kutoka Taita

Kuna pingamizi ambalo hatuna budi kulikabili. Mtu anaweza kusema kwamba neno halimdanganyi mtu mzima. Wakenya walisikia "marekebisho" kwa miongo mingi na bado walijua lini walikuwa wakinyang'anywa. Walilikataa chungu la mwaka 2005 bila kusubiri wanaistilahi. Hoja hii ina ukweli. Muktadha huusahihisha msamiati, na neno lililotumiwa vibaya kwa muda mrefu huanza kusikika kwa kejeli. Lakini kejeli ni silaha ya aliyekwisha kushindwa kuzungumza waziwazi. Anayepinga "mabadiliko" anatakiwa aeleze kwa nini anapenda hali iliyopo. Anayepinga "marekebisho" anaonekana anapenda uharibifu. Wawili hao wanaanza mjadala wakiwa mahali tofauti, na tofauti hiyo imewekwa na jina la mswada peke yake.

Utamaduni wa Taita unatupa njia nyingine ya kulitazama suala hili. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wataita mapema katika miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1978 kitabu kuhusu dini yao ya asili. Kiini cha maelezo yake ni tendo la kutasa: mtu hutia kinywani maji, pombe au maji ya muwa, akayapuliza nje huku akitamka maneno ya kuitoa hasira moyoni na kuomba amani. Hasira iliyofichwa, hata ya mtu mwenye haki ya kukasirika, ilidhaniwa kuleta maradhi na mikosi kwa jamaa. Kuponya kulidai kwamba kilichomo moyoni kitolewe kwa kinywa, mbele ya wahusika.

Hatudai kwamba kutasa ni utaratibu wa kutunga sheria. Tunachokiona ni mfanano wa kimantiki na ile asili ya Kilatini tuliyoitaja: kutoa dosari nje. Katika mawazo yote mawili, tengenezo halitangulii kutajwa kwa kibaya. Anayesema anarekebisha anadaiwa kwanza kusema ni nini kilichoharibika. Sheria za mwaka 1982, 1986 na 1988 zilichukua jina la tengenezo bila kulipa deni hilo. Ziliitwa dawa, na maradhi hayakutajwa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba "amendment" liliingia katika Kiswahili cha Kenya kwa kivuli cha neno zuri, "marekebisho", na kwamba kifungu cha 53 cha katiba ya zamani kiliizuia lugha yetu isilitie neno hilo nidhamu. Tanzania, kwa kuwa ilisoma katiba yake kwa Kiswahili, ilichagua jina lisiloegemea upande, ikalifasili, na kuliweka "kurekebisha" ndani yake kama aina moja tu.

Tunapendekeza mambo matatu kwa wafasiri, wahariri na walimu wa istilahi. Kwanza, "badiliko la katiba" liwe jina la jumla la kila tendo la kugusa matini ya katiba. Pili, "rekebisho" litumiwe pale tu ambapo hitilafu imetajwa na hati inabaki kuwa ileile, "ufutaji" litumiwe panapofutwa, na "uundaji wa katiba mpya" pasipobaki kitu cha zamani. Tatu, kila mswada unaopelekwa kwa wananchi utolewe kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, ili maneno haya yapate kujaribiwa na kukosolewa na wale watakaoishi chini yake.

Hayo yakifanyika, jina la mswada litaacha kuwa wakili wa mswada. Mwenyeji wa Mghange atakapoletewa karatasi ya kutia sahihi, ataisoma, atauliza ni kipi kilichoharibika, na atakuwa na haki ya kutotia kalamu mpaka ajibiwe.